Masika ya Chokaa Hai

Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 1934

19 Machi
Mvua ya kwanza imepiga leo, na paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Mume wangu, Bwana Ghanim, aliahidi tangu kaskazi kwamba ataezeka upya. Ahadi za Bwana Ghanim ni nyingi, makuti ndiyo machache.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akanifundisha kuandika nikiwa mdogo, jambo lililowaudhi sana shangazi zangu. Sasa naikaribia hamsini, magoti yananiuma, na humu ndani hakuna anayenisikiliza nikilalamika. Basi nitaiambia karatasi, yenyewe haina pa kukimbilia.

22 Machi
Mkokoteni umeleta mapipa ya chokaa kutoka kwenye tanuu la Msasani. Yameingizwa chumba cha uani, ambacho ukuta wake ndio ukuta wa chumba cha Bwana.

Nikamwuliza, "Bwana, hii imezimwa?"

"Bado. Hii ni chokaa hai."

"Na itazimwa lini?"

"Karibu na Maulidi."

Maulidi ni mwisho wa Juni! Nikamtazama, akanitazama. Mwaka jana miguu ilipomvimba akashindwa hata kwenda kusali, aliweka nadhiri kwamba akiinuka ataupaka msikiti wa mtaa chokaa yake mwenyewe, Maulidi ije ikute kuta nyeupe. Hajainuka vizuri mpaka leo, anatambaa na ukuta, lakini anasema deni la Mungu hulipwa mapema. Nami sina neno juu ya nadhiri. Neno langu ni juu ya paa. Chokaa iliyozimwa haina madhara, ni uji mweupe tu shimoni. Chokaa hai ikipata maji inachemka.

Bwana anaijua kazi hiyo, siwezi kumnyima sifa. Alinieleza tena kama alivyonieleza tulipooana. "Tumbawe, jiwe hili la baharini, likiwa tanuuni, Mauza, linapigwa moto wa mikoko usiku na mchana, nalo linakula tu. Moto unaingia, hautoki. Ukilitoa likapoa, unalishika mkononi, jepesi, unadhani limekwisha. Halijaisha. Ule moto limeuficha. Lipe maji, litakurudishia wote."

Anataka kuizima siku ileile ya kupaka, na shahamu ya ng'ombe ndani yake, ili joto liyeyushe shahamu na ukuta usinywe mvua tena. Akiizima mapema, eti itakuwa chokaa kama ya kila mtu. Huo ndio ugonjwa wake hasa, miguu ni ziada.

27 Machi
Mvua. Idi imepita kwenye matope.

29 Machi
Mvua. Nimeweka sufuria panapovuja ukumbini na beseni panapovuja uani, karibu mno na mlango wa mapipa. Nimemwambia Bwana. Amesema inshallah.

2 Aprili
Maji yameingia Ilala, na ukuta wa nyumba ya Zamda umelala chini. Kwa hiyo Zamda yuko hapa. Zamda ni mke mwenzangu. Bwana alimwoa juzijuzi tu, wakati bado anatembea bila kushika kitu, akampangia nyumba kulekule Ilala tusigongane. Sasa tumegongana.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema mlangoni, kichwani ana godoro limelowa chepechepe.

"Marahaba. Godoro hilo halipiti ukumbini kwangu."

Bwana akasema mvua zikiisha atarudi kwake. Nimelishika neno hilo. Mvua zikiisha.

5 Aprili
Anaimba akipika. Wali umeungua. Anacheka wali ukiungua.

9 Aprili
Hakuna kinachokauka. Kanga zinanuka ukungu, viatu vimeota manyoya, chumvi imekuwa maji mkebeni. Bwana analalamika miguu, usiku anaita, nami ndiye naamka kumkanda mafuta ya nazi. Kazi ya miaka mingi, wala sijaona imemsaidia.

12 Aprili
Asubuhi nimekuta kanga zangu zimekunjwa juu ya kitanda, kavu, zimenyooka kama zilizopigwa pasi. Nikamwuliza Zamda amezikausha wapi.

"Kile chumba cha mapipa, Bi Mkubwa. Nimefunga kamba. Mle ndani pakavu, utasema kiangazi!"

Ilinipasa kumkataza. Lakini kanga kavu baada ya siku zote hizo, nikaifunga kifuani, nikanyamaza.

18 Aprili
Zamda amesogeza kitanda cha Bwana mpaka kikagusa ukuta wa chumba cha mapipa. Hakuniuliza. Ukuta una joto, anasema, na miguu ya Bwana inapenda joto. Bwana kalala fofofo, hakuita hata mara moja.

Nasema ukweli, niliona wivu. Nimemkanda mtu huyu tangu ndevu zake nyeusi, halafu anakuja kijana na kusukuma kitanda, basi, mgonjwa amepona.

21 Aprili
Nimeweka kiganja kwenye ukuta ule. Joto lake ni la mtoto mwenye homa. Nikaenda kufunua pipa moja. Juu, mawe yamevunjika yenyewe yakawa unga, na unga umefura mpaka mbao za pipa zimeanza kuachana. Juu yake, kwenye kamba, nguo za Zamda zinachuruzika tone, tone.

Nikamwendea Bwana. "Chokaa yako inakunywa."

"Inapumua tu. Kila masika hupumua."

"Ukuta una joto."

"Alhamdulillahi, hata mimi naona raha."

Nikamwendea Zamda. Nikamwambia unyevu wa nguo ndio unaoingia kwenye chokaa, ndiyo maana nguo zinakauka, na ndiyo maana ukuta unapata joto. Kinachokausha ndicho kitakachotuchoma. Akaitikia, "Haya, Bi Mkubwa." Haya yake naijua. Ni ile ya mtu anayesubiri uondoke.

22 Aprili
Kamba bado iko pale. Kuna shuka juu yake.

23 Aprili
Nimeikata kamba.

24 Aprili
Ameifunga nyingine.

30 Aprili
Bwana ana homa. Jirani yetu Fikirini, muuza sharbati wa pale sokoni, amekuja kumjulia hali, akaleta birika la sharbati ya ukwaju lililo baridi hata meno yakauma. Nikamwuliza barafu kaitoa wapi, maana barafu si ya watu wa kwetu.

"Barafu gani, Bi Mauza? Shura tu." Akanionyesha. Birika linakaa ndani ya beseni la maji, na katika maji anamwaga shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, anakoroga. Maji yanapoa kwa ghafla, na birika linapoa nayo. Nikatia kidole nikakitoa haraka.

Bwana, pamoja na homa yake, hakuacha kutusomesha. "Hiyo shura ni kinyume cha chokaa. Chokaa ikikutana na maji inatoa, shura ikikutana na maji inachukua. Joto halitoki hewani, wala halipotei. Kuna vya kutoa na kuna vya kuchukua."

Nikamwambia hata wake zako ni hivyohivyo. Fikirini akacheka mpaka akamwaga sharbati. Bwana hakucheka. Zamda naye aliinama, sijui kwa nini, nikatamani nisingelisema.

4 Mei
Ijumaa. Mvua imezuia hata watu kwenda msikitini. Nimemwambia Bwana tuzime chokaa, shimo lipo uani, ni kazi ya asubuhi moja. Amekataa.

7 Mei
Mvua. Nimemwambia tena.

8 Mei
Nimemwambia tena.

9 Mei
Sikumwambia. Nimechoka.

18 Mei
Sijaandika siku hizi kwa sababu ya mkono. Leo nimeufungua kitambaa, vidole vinapinda. Niandike yote kabla watu hawajaanza kunisimulia wao.

Juzi, Jumatano, baada ya adhuhuri, mvua ilikuja na upepo. Nilikuwa ukumbini nikichambua mchele. Nikasikia makuti ya uani yakikatika, kisha mshindo wa maji mengi yakianguka pamoja, na baada yake kimya kidogo. Halafu mle chumbani mwa mapipa mkaanza kuunguruma.

Nilijua. Mwezi mzima nilikuwa naungoja mlio ule, na ulipokuja nikaacha mchele, nikainuka.

Zamda alitoka jikoni, akanipita mbio. Nilipofika chumbani kwa Bwana alikwisha mshika mabegani. "Miguu, Bi Mkubwa! Shika miguu!" Ukuta ulikuwa hauguswi. Nyuma yake pipa moja lilipasuka, tukasikia pete zake za chuma zikigonga mlango. Bwana akiita jina la Mungu na jina la chokaa yake kwa pamoja, tukambeba mpaka barazani, mzito kama gunia la mbata, tukamlaza juu ya mkeka.

Mvuke ulikuwa unatoka juu ya paa, mweupe. Kisha ukachanganyika na moshi mweusi. Mbao za mapipa zilikuwa zimeshika moto, na nguo za kwenye kamba juu yake zimeshika pia, zinapepea kuelekea makuti yaliyobaki. Kumbuka mvua inanyesha, na nyumba inaungua.

Zamda aliziona nguo. Akasema, "Nguo zangu zile," kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, akarudi ndani. Nilimwita. Alikwenda akaikata kamba, akazivuta nguo chini, akazikanyaga kwa miguu. Nisiandike uongo, kama asingefanya vile, mtaa huu usingekuwapo.

Ndipo Fikirini alipoingia na ndoo. Mtu mwema, jirani ameona moto, ameleta maji. Nilipiga kelele, "Mchanga! Leta mchanga!" lakini ndoo ilikwisha mtoka. Maji yaliingia kwenye pipa ambalo lilikuwa halijapasuka. Likatapika. Unga wa moto uliruka ukampata Zamda usoni.

Sauti ile sitaiandika.

Tukamtoa mpaka uani, chini ya kibaraza cha jikoni. Majirani walikwisha jaa, kila mmoja daktari. Zamda amefumba macho, amejishika uso, unga mweupe kwenye kope na puani. Nikachukua mtungi. Mama mmoja akanishika mkono.

"Bi Mauza, una wazimu? Maji ndiyo yanayoiwasha! Si umeona sasa hivi?"

"Leteni mafuta ya nazi! Kitambaa kikavu, mfuteni!"

"Maji yatampofua!"

Wote walikuwa wameona kwa macho yao. Ndoo moja ya maji, na pipa likalipuka. Hata mimi nilisimama na mtungi wangu nikaogopa. Mwezi mzima nimekuwa mtu wa kusema maji, maji, ogopeni maji.

Lakini nimeolewa na chokaa. Nimeona shimo likijazwa tangu nikiwa msichana. Bwana hapangi chokaa shimoni kisha akanyunyiza maji, hapana, ukifanya hivyo inaungua. Anajaza maji kwanza, mengi, halafu anaitia kidogo kidogo, nayo inazama na kutokota pole pole. Maji machache yanaichokoza. Maji mengi yanaimeza na joto lake lote. Na kila tulipokaa tunabishana, lile tone la machozi ya Zamda mwenyewe lilikuwa linafanya kazi ileile ya ndoo ya Fikirini.

Nikautupa mtungi, haukutosha. Nikamkamata Zamda kwapani nikamburuta mpaka pale makuti yanapomwaga maji ya paa zima, mkondo mnene kama mkono wangu. Nikamlaza chali juu ya matope, uso chini ya mkondo.

"Fumbua."

"Siwezi!"

"Fumbua macho, mwanangu, fumbua!"

Alinipiga. Alinikwaruza. Akaniita jina ambalo mke mdogo hamwiti mke mkubwa, nikamkalia kifuani, nikamfungua kope kwa vidole vyangu, jicho hili, kisha hili, maji yakaingia. Maji ya kwanza yalikuwa ya moto yakinipitia mkononi, chokaa ikishuka nayo. Ndipo ngozi yangu ilipochubuka. Baadaye yakawa vuguvugu. Baadaye yakawa mvua tu. Sikumwachia. Yule mama aliyenishika mkono ndiye aliyekuja akanishikia kichwa cha Zamda nilipochoka.

Mvua haikukatika. Masika yote nimeilaani, na siku ile nilikuwa naomba isikome.

Moto waliuzika kwa mchanga. Chumba cha mapipa hakipo, na nusu ya paa la uani. Bwana hana hata alama.

20 Mei
Zamda yuko hospitalini. Dresa, mfunga vidonda wa pale, kijana mpole anayeitwa Polycarp, ameniambia uso utapona. Macho hajui. Kila siku anayaosha, anatia dawa, anayafunga. Mimi nampelekea uji.

24 Mei
Nyumbani Fikirini ameniletea beseni lake la shura na vitambaa, nimpoze Zamda uso akirudishwa. Hanitazami. Nimemwambia kosa halikuwa lake, moto ukionekana mtu huchukua maji. Akalia. Nikamwambia asilie, nimechoka na maji.

27 Mei
Zamda yuko nyumbani. Namlisha kwa mkono kama mtoto. Kitambaa kinapopata joto nakichovya kwenye bakuli linaloelea katika beseni la Fikirini, bakuli lenye maji safi, maana shura yenyewe haipaswi kumgusa, nalo linapoa tena. Bwana analalamika kutoka chumba cha pili kwamba miguu inamvuta. Leo sikwenda.

Nilimwuliza Zamda jambo lililokuwa likinikaa rohoni. Nikasema, "Kile kitanda ulikisogeza ukutani kwa nini? Ili akupende wewe?"

Akanigeuzia uso wake uliofungwa vitambaa.

"Kila akiita usiku unaamka wewe, Bi Mkubwa. Mimi nikiamka ananiambia nikuite. Nikaona akipata joto atalala." Akatafuta mkono wangu akaukosa. "Ili ulale."

Na ni kweli, nililala. Wiki zile nne nililala kama ambavyo sikuwahi kulala tangu uchumba, na kila asubuhi nilimwitikia Zamda kwa kununa.

3 Juni
Jua. Mtaa mzima umeanika magodoro.

9 Juni
Dresa amefungua vitambaa. Jicho la kulia linaona. La kushoto limefunga utando mweupe na halitarudi. Akaniuliza nani alimwosha siku ile, nikasema mimi. Akasema chembe zile zingebaki, zingemaliza macho yote mawili. Njiani Zamda alinishika bega, akawa anasoma kila kitu kwa sauti ya juu: punda yule, mchuuzi yule, ile kanga ya rangi gani vile. Watu wakatugeukia.

14 Juni
Bwana amesimama kwa mkongojo. Kiangazi kimemfanyia yaliyoyashinda mafuta yangu na ukuta wa Zamda. Amezunguka uani akitazama majivu, na neno lake la kwanza likawa, "Huyu mdogo angelisikia la watu kuhusu nguo, chokaa ya msikiti isingeharibika."

Zamda alikuwa amekaa palepale. Akaendelea kupepeta mchele, jicho moja.

17 Juni
Imamu ametuma salamu. Ile chokaa iliyozimwa na mvua, waliyokuja kuichota uani kwetu, wameichuja mchanga na mkaa, na inatosha kuta zote za msikiti. Nadhiri ya Bwana imetimia, Mungu amtakabalie. Nilifurahi sana. Bwana akasema, "Hiyo haina shahamu."

21 Juni
Nyumba ya Ilala imekandikwa upya. Leo mkokoteni umekuja kumchukua Zamda na vitu vyake, kama ilivyosemwa tangu Aprili: mvua zikiisha.

Mkokoteni ulipoingia uani haukuwa mtupu. Ulikuwa na mapipa.

"Chokaa hai," akasema Bwana, amefurahi, ameegemea mkongojo. "Mvua zimekwisha. Tutaweka chumbani kwangu kwa sasa, pembeni, mpaka nijenge kile kingine. Msikiti utapakwa mara ya pili, kwa chokaa ya kweli."

"Bwana," nikasema, "shimo lipo hapo. Maji yapo kisimani. Izime leo."

"Wewe Mauza umeingiwa na hofu ya bure. Hizo zilikuwa nguo tu."

Sikubishana. Kubisha nimebisha masika mazima, sauti imekwisha. Nilingoja wapagazi washushe mapipa. Kisha nikaingia ndani, nikatoa kasha langu la nguo, nikawaambia walipakie juu ya godoro la Zamda. Zamda akanitazama kwa jicho lake, akasogea kunipa nafasi.

"Unakwenda wapi?" Bwana akauliza.

"Ilala. Mke mwenzangu ana jicho moja, anahitaji mtu wa kumwangalia. Siku utakayoizima yote, tuma mtu, tutakuja sote wawili."

"Na mimi je? Miguu yangu? Nani atanikanda?"

Nikapanda, nikavuta miguu yangu mwenyewe juu, ilikuwa inaniuma.

"Jiegemeze kwenye mapipa, Bwana," nikamwambia. "Yana joto."